Wali wa Nyumba Ishirini na Mbili

Niliingia bonde la Kilombero kwa treni ya kutoka Tunduma, nikiwa na begi moja, blanketi moja na cheti cha kidato cha nne ambacho mpaka leo hakuna mtu aliyewahi kuniomba. Makambako tulikaa karibu siku nzima bila kuambiwa sababu. Tulipoanza kuteremka kuelekea Mlimba, treni ikawa inaingia na kutoka kwenye mahandaki, giza, mwanga, giza tena, na kila tulipotoka hewa ilikuwa nzito zaidi. Nikavua sweta nililotoka nalo Sumbawanga. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu akaniambia, "Likunje uliweke chini kabisa ya begi, mwanangu. Huko tuendako halina kazi."

Nilikuwa nakwenda Mngeta kuvuna mpunga. Kabla ya hapo nilikuwa nimechimba dhahabu Chunya, nimebeba mizigo mpakani, nimelinda ghala ambalo halikuwa na kitu ndani. Sikuwa namkimbia mtu. Miguu yangu tu haikupenda kukaa. Mngeta nilidumu wiki tatu. Wiki ya tatu nikajikata kwa mundu juu kidogo ya kifundo cha mguu, nikafunga kitambaa na kuendelea na kazi kama mjinga. Siku ya tano nikashindwa kukanyaga. Vibarua wenzangu wakanipakia juu ya magunia kwenye lori la mpunga, tukapita Idete huku mguu ukinipwita kila gurudumu lilipoingia shimoni, hadi hospitalini Ifakara. Dereva akanishusha, akaniombea heri, akaendelea na mzigo wake.

Nilipewa kitanda, nikasafishwa kidonda, nikachomwa sindano. Chakula, kama ilivyo desturi, mgonjwa huletewa na watu wake. Saa sita mchana, mlango wa wodi unapofunguliwa, ndipo mtu anajua ana ndugu wangapi. Waliingia kina mama na hotipoti, vikapu, chupa za chai, watoto mgongoni. Mimi niligeukia ukutani nikajifanya nimelala.

Nikasikia mwiko unagonga sahani karibu na sikio langu.

"Wewe wa ukutani. Geuka ule."

"Mama, umekosea kitanda," nikasema. "Mimi sina mtu hapa."

"Nimekuuliza una nani? Geuka."

Nikageuka. Alikuwa mama mfupi, mweusi tii, amevaa mabuti ya mvua na kanga mbili zisizofanana, na uso wake haukuwa na huruma hata kidogo. Alinipakulia wali, maharage na kipande cha perege, akaniwekea kifuani kabla sijakaa vizuri.

"Asante sana, mama."

"Asante ya nini? Mimi nimetumwa tu."

"Na nani?"

"Na wenyewe," akasema, akaenda kitanda kingine.

Huyo ndiye Mwenyekiti. Alikuwa na jina, na lilikuwa kwenye daftari la parokia, lakini Mlabani nzima, mtaa wetu pale Ifakara, ilimwita kwa cheo chake cha uenyekiti wa jumuiya, zile nyumba chache za Wakatoliki zinazosali pamoja kila Jumamosi asubuhi, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Jumuiya yetu ilikuwa na nyumba ishirini na mbili na sufuria moja kubwa. Sufuria hilo liliwalisha wagonjwa wasio na watu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku nyingine zilikuwa za jumuiya nyingine. Mimi nilipona nikiwa nimepanga kuondoka mwezi ule ule. Nilikaa miaka kumi na moja. Na kuanzia mwaka wa nne hivi, Mwenyekiti alitaka kunikabidhi sufuria lile, nami nilitaka kuondoka, na baina yetu kulikuwa na swali moja ambalo hakuna aliyelipenda: akichoka yeye, nani atapika?

*

Naandika haya nikiwa Mpanda, ambako nako sitakaa sana. Nimefahamu watu wema wengi barabarani. Wengi wao wema wao uliwatoka kama harufu ya mandazi, unaupata kabla hujawafikia. Mwenyekiti hakuwa hivyo. Ombaomba aliyefika mlangoni kwake alipewa kwanza fagio, kisha sahani. Alinusa ugoro nyuma ya jiko na kukana mbele ya Padre huku vidole vikiwa bado vya kahawia. Siku timu yake ya mpira ilipofungwa hakutaka mtu amsalimie. Ulimwambia "Tumsifu Yesu Kristo" naye akajibu "Milele amina" kama mtu anayefunga mlango. Alikuwa mbahili wa kuni, wa chumvi, wa sabuni. Nilimwona akigombana na muuza nyanya mpaka watu wakasimama kutazama, nyanya yenyewe moja, tena imebonyea.

Lakini alijua majina ya wagonjwa wote wa wodi ile, na nani hali dagaa, na nani anaogopa giza.

Sheria zake kuhusu sufuria zilikuwa chache na hazikuandikwa popote. Anayelishwa haulizwi dini, kabila wala alikotoka. Kitimoto hakigusi sufuria lile wala mwiko wake. "Sufuria hili halijui nani atakula," alisema, na mzee mmoja wa jumuiya aliyeleta kipande cha nguruwe kwa moyo mweupe kabisa alirudishwa nacho mpaka nyumbani. Wenye sahani mbaya, zilizobonyea au kupasuka, wanapakuliwa kwanza. Na mgonjwa haambiwi chakula kimetoka kwa nani. Kama atang'ang'ania, jibu ni lile lile nililopewa mimi.

"Kwa nini tusiwaambie?" nilimuuliza wakati mmoja. "Si jambo jema?"

"Ukimwambia mtu wali huu wa mama fulani, kesho akikutana na mama fulani sokoni itabidi ainame. Mgonjwa mgongo unamuuma tayari."

*

Sasa niseme jinsi mchele ulivyopatikana, maana bila hilo hutamwelewa.

Kila nyumba ilikuwa na kopo lake. Mama akipima mchele wa familia, kabla ya kuuosha, anatoa konzi moja, yaani kiasi kinachoenea kwenye mkono ukiufumba, anatia kwenye kopo. Nyumba yenye shibe konzi moja, nyumba yenye njaa konzi moja. Jumamosi, baada ya sala, makopo yanamiminwa kwa Mwenyekiti.

Ifakara ni mji wa mpunga. Mtu wa kule anaweza kukusamehe ukimtukana, lakini wali ukiwa mbaya atalikumbuka jina lako. Na mchele wa nyumba ishirini na mbili ni mchele wa aina ishirini na mbili. Huyu ametoa Supa mpya iliyovunwa mwezi jana, yule ametoa Saro ya mwaka juzi, mwingine chenga. Mchele wa zamani hunywa maji mengi na kuchelewa. Mpya ukiuchelewesha motoni unakuwa uji. Ukiichanganya, sufuria moja litakuwa na uji na changarawe kwa pamoja.

Mwenyekiti alitandika mkeka uani, akaketi, akavuta kila rundo karibu yake. Alichukua punje mbili tatu akaziuma kwa meno ya mbele. Punje ya zamani ililia *ka*. Mpya ilikatika bila sauti. Alitikisa kichwa, akasukuma rundo kushoto, kulia au katikati. Alimaliza makopo yote bila kuuliza ni mchele wa nani. Siku ya kupika, wa kushoto ulitangulia kwenye maji, baadaye wa katikati, na mwisho kabisa, na maji kidogo ya pili, ule mpya. Halafu mfuniko, halafu makaa juu. Ukifunua, ni wali mmoja. Punje zimesimama zote, hujui ipi ya tajiri, ipi ya mjane.

Nilikuwa nimepata kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga pale pale Mlabani, nikichechemea kidogo, na kwa sababu nilishinda katikati ya mpunga nilijiona mjuzi. Mwaka wangu wa pili aliugua mafua makali, nikamwambia, "Mama Mwenyekiti, pumzika. Leo napika mimi." Akaniangalia sana, akalala. Nikatia mchele wote mara moja. Kwani si mchele?

Wodini mzee mmoja mwenye mguu ulioning'inizwa juu alitia kijiko mdomoni, akatafuna, akaacha kutafuna.

"Kijana," akasema, "huu wali mmeupika wangapi?"

"Mimi peke yangu, mzee."

"Basi mligombana."

Wodi nzima ikacheka, wauguzi nao. Nilirudi na nusu ya chakula. Mwenyekiti alikuwa ananisubiri mlangoni, amejifunga kanga kichwani, na habari ilikuwa imeshamfikia. Alinipa konzi la mchele, akasema, "Uma."

Niliuma mpaka taya likaniuma. Hivyo ndivyo nilivyoanza kufundishwa bila kuomba.

*

Kuna mwaka mvua zilizidi na mashamba ya chini yakaliwa na mto. Makopo yakawa mepesi. Mwenye duka la jumla karibu na stendi, Mwislamu ambaye ukoo wake ulitoka pwani, alisikia, akaja mwenyewe na mkokoteni. Juu yake gunia zima la Supa safi, wa daraja la kwanza, punje ndefu kama sindano.

"Shikamoo Bi Mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea njia?"

"Sikupotea. Hii ni sadaka yangu, ya sufuria lako. Mwaka juzi kijana wangu wa dukani alilazwa, nikawa nimesafiri, akala kwako siku tisa. Usiniulize mengine."

"Sijakuuliza."

Jumuiya ilifurahi kupita kiasi. Gunia moja, aina moja, hakuna kuuma, hakuna kuchagua. Katibu wa jumuiya alisema waziwazi kwenye sala ya Jumamosi kwamba sasa nyumba zipumzike mpaka hali itengemae; makopo yakae kabatini. Watu wakasema amina kwa sauti kuliko walivyosema wakati wa rozari.

Mwenyekiti akainuka. "Nyumba zilete makopo leo mchana," akasema.

Tulidhani anataka kuyahifadhi. Tulipofika tukamkuta amelifungua gunia, ameshika kikombe. Kila nyumba iliyoleta kopo tupu alilijazia Supa mpaka juu.

"Mama, unagawa sadaka ya wagonjwa?" Katibu alikuwa karibu kulia.

"Nagawa. Nendeni mkapike. Na kila mkipima, toeni konzi, mniletee Jumamosi."

"Si mchele ule ule? Uende kwetu, urudi kwako?"

"Ndiyo. Uende, urudi."

"Mwenyekiti, sasa hiyo ni akili gani?"

"Gunia litaisha," akasema, na aliendelea kupima. "Litakapoisha, mikono itakuwa imesahau. Mimi mkono uliosahau sina dawa yake."

Walinung'unika njia nzima. Hata mimi nilinung'unika, na nilikuwa upande wake. Mwenye duka alipopata habari alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo ya mafuta, kisha akauliza kama na yeye anaweza kupewa kopo. Alipewa. Kuanzia hapo tukawa nyumba ishirini na tatu, ingawa tuliendelea kusema ishirini na mbili kwa mazoea. Gunia liliisha kabla ya mavuno. Jumamosi iliyofuata makopo yalikuja, mepesi, lakini yalikuja yote.

*

Nimesema hakuwa na huruma usoni. Niseme pia kwamba hakuwa msamehevu, na hilo Padre alilijua kuliko sote.

Jirani yake, ukuta wa matete baina yao, alikuwa mama mfugaji wa mbuzi. Zamani, kabla sijafika, beberu wa jirani alivuka ukuta, akala matembele yote ya Mwenyekiti, na kwa kushushia akatafuna kitenge cha sikukuu kilichokuwa kambani. Kulikuwa na maneno. Jirani alisema, "Kitenge chenyewe kilikuwa kimechakaa." Hayo yakawa maneno ya mwisho baina yao. Jumuiya iliwapatanisha mara mbili. Padre aliwapatanisha mara moja, na mkono waliopeana mbele yake haukuvuka geti la kanisa.

Lakini kila Jumamosi kopo la jirani lilikuwa limetundikwa kwenye nguzo ya ule ukuta wa matete, limejaa. Mwenyekiti alilitungua, akalimimina, akalirudisha kwenye nguzo. Miaka yote hiyo, bila neno.

Msimu mmoja wa kufukuza ndege kwenye mpunga, wakati watu wote wamehamia kwenye madungu, vile vibanda vya mashambani, ng'ambo ya mto, jirani alibaki mjini na mbuzi wake, akashikwa na malaria mpaka akalazwa. Watoto wake wote walikuwa mashambani. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha baiskeli yenye sufuria siku hizo, kwa hiyo niliona. Mwenyekiti alipita vitanda vyote kwa taratibu yake, akafika cha jirani, akapakua wali, akaongeza samaki, mkia na kichwa, akaweka sahani mezani.

"Kula," akasema. "Sikusemeshi."

Jirani akala. Kesho kutwa yake vivyo hivyo, na siku ile nyingine. Alipotoka hospitalini ugomvi ukaendelea palepale ulipokuwa umefikia.

*

Padre alitaka kumpongeza. Ilikuwa Jumapili ya mavuno, kanisa limejaa, na kwenye matangazo akaanza, "Wapendwa, kuna mama mmoja kati yetu..." Mwenyekiti akainuka kwenye benchi la tatu, akatoka nje na mabuti yake yakilia kwenye sakafu, kap, kap, kap. Padre akanyamaza mpaka mlango ulipofungwa. Baada ya misa alimkuta nyuma ya kisima.

"Mama, umenikimbia."

"Nilikwenda kuangalia maharage, Padre."

"Leo Jumapili. Hupiki."

"Ndiyo maana sikuyakuta."

*

Meno yalianza kumtoka mwaka wangu wa tisa. La kwanza alilitoa mwenyewe, akalitupa kwenye jivu. Lilipoondoka la pili, la mbele, alianza kukosea marundo. Siku moja wali ukaja na uji pembeni, mgonjwa mmoja akaacha nusu, naye akakaa kwenye kigoda cha jikoni muda mrefu akiitazama sahani ile.

"Msafiri," akaniita. Ndivyo alivyoniita siku zote. "Meno yako mazima?"

"Mazima, mama."

"Basi ukae."

Nilijua anachouliza. Ukiwa Mlabani, upepo ukivuma vizuri, unasikia honi ya treni. Kila nilipoisikia niliacha nilichokuwa nashika. Kwa miaka nilikuwa nasema naondoka baada ya mavuno, na mavuno yalikuja na kwenda. Mashine ilinifaa, chumba kilinifaa, watu walinipenda. Hakuna kilichoniudhi. Ni kwamba nilikuwa nimeanza kujua kila mbwa wa mtaa kwa jina lake, na mimi nikifika hapo nashindwa kupumua.

"Kwa nini mimi?" nikamuuliza. "Jumuiya ina kina mama kumi na tano."

"Kila mmoja ana rafiki na ana adui. Atapakulia huyu zaidi, huyu kidogo. Wewe huna mtu."

"Mama, mimi sitakaa."

Alichukua punje, akaipeleka kwenye jino la pembeni, akashindwa, akanipa mimi niiume.

Nilikaa miaka miwili mingine kwa ajili ya jibu ambalo hakunipa. Niliuma, nikachagua, nikapika, nikaendesha baiskeli. Niliwajaribu kina mama watatu, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alichoka kuuma. Wa pili alikuwa anawauliza wagonjwa maswali. Wa tatu alipika vizuri sana, mpaka nilipogundua kwamba kopo la nyumba yake na la dada yake anayatenga kwa ajili ya wodi ya wazazi, alikolazwa binti yake. Sikumlaumu. Lakini sufuria halikuwa lake.

Kisha Mwenyekiti akateleza kisimani, akavunjika nyonga, akalazwa. Asubuhi ile, nikiwa nimekaa uani kwake na marundo mbele yangu, nikasikia sauti kutoka upande wa pili wa matete.

"Hilo la kulia ni la zamani. Limekosewa."

Nikauma. *Ka.* Lilikuwa la zamani kweli.

Nikainuka, nikachungulia. Jirani alikuwa anafunga mbuzi, hata hakuniangalia.

"Shikamoo mama. Umejuaje?"

"Marahaba. Nimesikia ulivyouma."

"Toka huko?"

"Kabla hujaja, na miaka yako yote hapa, namtazama kwenye matete haya. Ningefanya nini? Sisi hatusemezani, lakini macho yangu sikuyagombeza."

Nikazunguka, nikaingia kwake kwa mlango kama mtu mwenye adabu. "Mama," nikasema, "njoo upike."

Akacheka kwa pua. "Sufuria la yule? Unajua mimi na yeye hatuongei."

"Najua. Na ndiye aliyekupakulia kichwa na mkia, na wewe hujawahi kumnyima kopo lako. Atakayepakulia adui yake sawa na mwenzake, ndiye ninayemtafuta. Nimeshatafuta miaka miwili."

Alifunga fundo la kamba, akalifungua, akalifunga tena.

"Asijue," akasema.

*

Kwa hiyo nilimpelekea Mwenyekiti wali wa jirani yake. Alikuwa amelala kitanda cha dirishani, mdogo kuliko nilivyomzoea, bila mabuti. Watoto wake walikuja kutoka Mahenge na chakula chao, akawaambia wakile wenyewe; yeye alitaka wali wa sufuria. Nilimlisha kijiko cha kwanza. Alitafuna kwa meno aliyobaki nayo, akifumba jicho moja.

"Nani kapika?"

"Mimi nimetumwa tu, mama."

Alinikazia macho mpaka nikatazama sakafu. Akatafuna tena.

"Marundo ni sahihi," akasema polepole. "Maji ya pili yamezidi. Mwambie huyo aliyekutuma apunguze. Nusu kikombe. Na mwambie akome kuninyima chumvi."

Nilipeleka ujumbe. Jirani alisikiliza akiwa ameinamia jiko.

"Mwambie sijamuuliza," akasema.

Lakini Ijumaa maji ya pili yalipungua, na chumvi ikawa sawa. Nilikuwa tarishi wao kwa wiki tano. Mmoja anasema makaa ya juu yawekwe mapema. Mwingine anasema hajaulizwa. Siku inayofuata makaa yanawekwa mapema. Hakuna aliyemtaja mwenzake. Wodini hakuna aliyebakisha wali.

*

Niliondoka siku ya Jumatano, kwa makusudi, maana ni siku ya zamu yetu. Treni ilitarajiwa mchana. Jioni ya kuamkia siku hiyo nilimwambia jirani kwamba baiskeli naiacha na sufuria halina mwendeshaji.

"Nitamtuma mtu," akasema.

"Mtume."

Saa sita kasoro nilikuwa wodini na begi langu. Lilikuwa lile lile. Mwenyekiti akalitazama kabla ya kunitazama mimi.

"Hotipoti iko wapi?"

"Leo sikutumwa, mama. Nimekuja mwenyewe, kuaga."

Nje, watu walishaanza kukusanyika mlangoni na vikapu vyao.

"Miaka yote nasikia unaondoka," akasema. "Nikadhani ni namna yako ya kusalimia."

"Safari hii ni kweli."

"Sweta unalo? Huko juu kuna baridi."

"Ninalo. Liko chini ya begi."

"Na sufuria?"

"Lina mtu."

Hakuuliza nani. Mlango ukafunguliwa, wodi ikajaa kanga na harufu za vyakula vya majumbani, na katikati ya watu nikamwona jirani, kikapu kichwani, vumbi la njia nzima miguuni. Alikuwa hajamtuma mtu. Hakutazama upande wetu. Alianza na kitanda cha mlangoni, kijana mmoja wa Kisukuma mwenye mkono uliofungwa, akaenda kwa mzee wa kitanda cha tatu, akaenda kwa yule asiyekula dagaa, akampa maharage. Wenye sahani mbaya aliwaanza. Mwenyekiti alimfuatilia kwa macho kitanda hadi kitanda, na vidole vyake vilikuwa vinahesabu kwenye shuka.

Mwisho akafika kwetu. Akapakua wali, akaongeza samaki, kichwa na mkia. Akaweka sahani mezani.

"Kula," akasema. "Sikusemeshi."

Mwenyekiti alikula kijiko kimoja. Alitafuna kwa muda mrefu sana, jicho moja limefumbwa, na mimi nikawa nimesimama nimeshika begi kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Maji yamekaa," akasema, akiuambia wali.

"Sijakuuliza," akasema jirani, akiliambia dirisha. Lakini alivuta stuli, akakaa.

Nikainua begi, nikarudi nyuma taratibu. Hakuna aliyegeuka. Nilikuwa nimefika mlangoni niliposikia sauti ya Mwenyekiti.

"Na yule beberu wako?"

"Alikufa zamani."

"Ungesema. Ningekuja msibani."

Nikamsikia jirani akicheka, kile kicheko chake cha puani, na kijiko kikagonga sahani tena.

Treni ilichelewa siku ile mpaka jua likazama. Nilikaa kwenye benchi la stesheni na begi miguuni, saa baada ya saa, na kwa mara ya kwanza tangu nishushwe kwenye lori lile la mpunga sikuwa na sababu yoyote ya kurudi mjini.